Kidevu cha Mwalimu Njeru

Harufu ya ugoro hunirudisha kwa babu yangu hata nikiwa kanisani. Kuna mzee mmoja hukaa benchi la mbele yangu, na mchungaji akianza mahubiri yeye hufungua kikopo chake taratibu, kile cha dawa ya viatu alichokiosha, na ile harufu ikinifikia mimi simsikii tena mchungaji. Niko chini kwenye ngozi ya mbuzi, nje ya nyumba ya M'Ikiara, baba yake baba yangu, nangoja amalize kusema.

Kungoja huko ndiko ninakotaka kuwaeleza kwanza, na mnivumilie. Babu alikuwa mtu wa maneno machache, lakini hayo machache yalichukua muda mrefu kutoka. Alianza hivi, labda anakuuliza kama mbuzi wamekunywa maji. Akisha kuuliza anatoa kikopo, anagonga kifuniko kwa kucha, anafungua, anachota kwa ncha ya kidole, pua hii, pua ile, anafumba jicho moja, anapiga chafya au hapigi. Moshi wa jikoni kwa nyanya unapita. Kuku wanapita. Wewe mtoto umekaa hapo na jibu lako mdomoni kama kipande cha muwa, na huwezi kulitema, kwa sababu babu hajamaliza. Atauliza tena kama yule mwenye pembe iliyovunjika naye amekunywa. Halafu kikopo tena. Mpaka akuite jina lako. Akikuita jina ndipo unajua maneno yake yamefika mwisho, na sasa unaweza kujibu.

Binamu yangu mmoja alijibu wakati wa ugoro. Alifikiri kimya ni kimya tu. Alichapwa na baba yake mwenyewe kwa fimbo ya kuchungia, babu hakuwa na haja hata ya kuinuka. Kwetu mtu mzima akinyamaza katikati ya maneno yake, kile kimya nacho ni chake, hukiingii bila kukaribishwa, kama vile usivyoingia katika nyumba ya watu.

Huyo mbuzi wa pembe iliyovunjika ana hadithi yake, ndefu, na iliisha vibaya kwa mbuzi. Tumwache.

Basi nilipopelekwa shule nilikuwa sijui kusoma wala kuhesabu, lakini kungoja mtu mzima amalize nilijua vizuri sana. Na si mimi peke yangu. Darasa zima tulikuwa hivyo, watoto wa upande wa Kanyakine, tumekaa juu ya mbao zilizowekwa kwenye mawe, miguu imepauka kwa baridi na vumbi. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Uhuru. Darasa lilikuwa la udongo, dirisha halina kioo na mlango hauna mlango, ni nafasi tu ambayo mtu anapita. Mvua ikinyesha kwa upepo tulihamia upande mmoja sote, kama mzigo kwenye lori.

Mwalimu wetu aliitwa Njeru. Hakuwa wa kwetu, alitoka Karurumo, huko Embu, na alisema maneno yetu kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine: anatembea, lakini unasikia. Tulimcheka, naye akacheka akituambia ngojeni siku mtakuja kwetu Embu niwacheke mimi. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nane, lakini chuo cha ualimu hakwenda, na wakati ule walimu kama yeye walikuwa wengi. Alikuwa mrefu, shati moja jeupe na lingine lililokuwa jeupe zamani. Kidevu chake kilikuwa kirefu, chenye ndevu upande mmoja tu, upande wa pili zilikataa. Kidevu hicho nakikumbuka kuliko sura yake yote.

Alikaa kwetu. Kaka yangu mkubwa, Mutuma, alikuwa amekwenda kutafuta kazi mjini Meru, pale Makutano, na nyumba yake ndogo ilibaki tupu, hivyo mama akampa Njeru. Alikula na sisi. Ndiyo maana mimi mtoto nilijua mambo ambayo wenzangu hawakuyajua. Watu wazima hufikiri mtoto anayekula githeri hana masikio.

Redio ililetwa shuleni na hedimasta mwenyewe, ameikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa. Ilikuwa ya serikali. Serikali ilikuwa imeamua watoto wafundishwe Kiswahili kwa redio, somo litoke Nairobi kwa wakati mmoja, na nchi nzima isikie. Ilikuwa ya rangi ya kahawia, ina kitambaa mbele mahali sauti inapotokea, na ikiwaka kwa muda ilitoa harufu ya vumbi lililopashwa moto. Betri zake zikichoka Njeru alizianika juani kwenye mabati ya ofisi, tukawekwa kuzilinda tusije tukazilamba. Tulizilamba. Zinauma ulimi kidogo, kama limau lenye hasira.

Jioni ya siku ile Njeru alimweleza mama habari yenyewe. Nilikuwa karibu na mafiga.

"Mama Mutuma," alisema, "inspekta atakuja kuona kama watoto wanajibizana na redio. Akiridhika, mwalimu wa darasa hilo anaweza kupelekwa chuo. Asiporidhika, sisi tusio na cheti tunarudishwa nyumbani."

Mama alikuwa anakoroga sufuria. Akamuuliza kama huko chuo wakimpeleka atarudi hapa, au watampa shule ya mbali.

"Nitaomba nirudi hapa."

"Basi hawa watajibu," mama akasema. "Wasipojibu, huyu mmoja atakula kwa jirani."

Huyu mmoja nilikuwa mimi.

Somo la kwanza sasa. Njeru aliweka redio juu ya meza, chini yake kitambaa cha mama kilichofumwa maua, akazungusha kile kifungo, ikakwaruza, ikapiga muziki kidogo, halafu sauti ya mwanamume ikatoka. Sauti laini, ya mtu wa pwani, kama mtu ametoka kuoga sasa hivi. Ikasema, hamjambo, watoto. Sisi tukasimama wima sote, kama tunavyosimama mtu mzima akiingia. Sauti ikanyamaza. Tukangoja. Redio ilikuwa ikivuma kidogo, shhh, na mimi wazi kabisa nilimwona yule bwana anagonga kifuniko cha kikopo chake kwa kucha. Tukangoja amalize.

Redio ikasema, vizuri sana.

Tukakaa. Tulifurahi. Tulijua tumefanya jambo la heshima na limeonekana mpaka Nairobi. Ikauliza hiki ni nini, ikanyamaza, tukanyamaza nayo, ikatusifu tena. Hivyo hivyo mpaka muziki ukapiga. Njeru alikuwa amesimama kando ya meza, ametokwa na jasho kwenye baridi ile, na alikuwa amefungua mdomo kama anayetaka kutusaidia kuinua kitu kizito.

Alitueleza, tena kwa lugha yetu ili isiwe na shida. Huyo mtu yuko Nairobi. Akinyamaza, hajashika ugoro wala chai, ameacha nafasi yenu, jibuni upesi kabla hajaanza tena. Tukasema ndiyo mwalimu. Somo la pili tukanyamaza kama makaburi. Haikuwa ukaidi. Midomo ilikataa. Ukiambiwa leo uingie nyumbani kwa mkwe wako bila kubisha na ulale kitandani kwake, miguu itakwenda?

Kulikuwa na msichana, Karambu, aliyekaa mbao za mbele. Alikuwa mkubwa kidogo, na alikuwa na njia ya kuuliza akiwa ameinamisha kichwa. Akamuuliza Njeru kama yule mtu wa redio anatusikia. Njeru akasema hapana, hatusikii.

"Sasa mwalimu," Karambu akasema, "kama hatusikii, tunamjibu nani?"

Njeru alishika kidevu chake upande ule wenye ndevu.

"Mnanijibu mimi," akasema.

Akaanza kutufundisha upya. Alizima redio, akatoka nje, akasimama nyuma ya ukuta chini ya dirisha, akajifanya redio. Alijua kuiga ile sauti ya mtu wa pwani mpaka tukaanguka kwa kucheka, maana Kiembu kilikuwa kinachungulia ndani yake. Aliuliza hiki ni nini, akanyamaza, na kwa kuwa tuliona kofia yake ikichungulia dirishani na tulijua ni yeye, tulijibu: hiki ni kiti. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni alimwona mwalimu anazungumza na ukuta wa udongo, akaenda kumwambia mama kwamba mgeni wake amerukwa na akili. Mama akamwambia hapana, anasomea redio.

Halafu aliingia ndani, akasimama nyuma ya meza, akafungua redio yenyewe, na hapo ndipo kidevu kilipoingia kazini. Redio ikiuliza na kunyamaza, Njeru aliinua kidevu kidogo tu, kama mtu anayekuita ng'ambo ya mto bila kupaza sauti. Kidevu kikipanda, tunajibu. Kikishuka, tunasikiliza. Ilikuwa kama babu kukuita jina. Sasa tulikuwa na mtu mzima wa kutuambia kwamba nafasi ni yetu, na mtu mwenyewe tulikuwa tunamwona, anakula kwetu.

Siku chache tu, mambo yakabadilika. Tulijibu mpaka watoto wa darasa la pili wakaja kuchungulia dirishani. Kiswahili hiki ninachowaandikia kilianzia hapo, nusu kutoka kwa yule bwana wa redio ambaye jina lake sikulijua, nusu kutoka kwenye kidevu. Njeru alikuwa na raha. Jioni alikuwa akimsaidia mama kupura maharagwe akiimba ule muziki wa kufungulia somo. Alimwambia mama akitoka chuo ataoa, na mama akasema atamtafutia huku huku Kanyakine, wasichana wa Embu wako mbali sana kuwafuata kwa mguu.

Inspekta alikuja kwa gari la serikali. Hakuwa mtu mbaya, nataka mnielewe. Alitusalimia, akampa mtoto aliyekuwa na kikohozi peremende kutoka mfukoni, akakataa kiti kizuri akakaa nyuma kabisa kwenye mbao zetu, magoti yakamfika kifuani. Hedimasta akakaa karibu naye. Na kwa kuwa alikaa nyuma, aliona migongo yetu tu, na mbele redio juu ya kitambaa cha maua, na kando yake mwalimu mrefu amesimama hafanyi kitu.

Tulijibu siku hiyo kama mvua juu ya mabati. Hakuna swali lililoanguka chini. Nilisikia inspekta nyuma akicheka kwa furaha, akipiga paja lake. Somo lilikuwa bado linaendelea alipoanza kusema na hedimasta, kwa Kiswahili, maana hawakuwa wa lugha moja, na kwa sauti, ili redio isimshinde. Na sisi sasa Kiswahili tulikijua.

"Umeona jambo hili?" akasema. "Darasa kama hili halihitaji mwalimu tena. Linahitaji mtu wa kufungua redio na kuifunga. Hata yule msichana mkubwa wa mbele anaweza."

Halafu akanyamaza. Akatoa leso akafuta miwani yake, upande huu, upande ule, akaitazama kwenye mwanga wa mlango.

Hedimasta alijua. Alikuwa amemwona Njeru nyuma ya ukuta na kofia yake. Angeweza kusema, bwana inspekta, ni huyu aliyewafundisha, mtazame kidevu. Nafasi ilikuwepo, tena ndefu. Lakini hedimasta alikuwa wa kwetu, mtoto wa mzee fulani, alikaa kwenye ngozi kama sisi, na inspekta alikuwa mkubwa wake na hajamaliza. Akangoja. Njeru naye alisikia, naye akangoja. Inspekta akavaa miwani akaendelea, kwamba wataunganisha madarasa mawili mbele ya redio moja, na wale wasio na cheti serikali itawashukuru na kuwarudisha makwao. Alipomaliza kabisa akainuka, akaangalia saa, na mambo ya kujibu yakawa hayapo.

Sisi watoto hatukuhisi kitu. Nasema kweli. Watu hupenda kusikia kwamba moyo uliniuma, lakini nilikuwa nikiangalia kidevu nisije nikakosa kujibu.

Juzi tuliitwa shuleni kwa mjukuu wangu Mwendwa, mkutano wa wazazi, na mimi nilikwenda kwa sababu mama yake yuko kazini Embu mjini. Shule ni ya mawe, ina vioo. Kila mtoto ana kile kitu ambacho redioni wanakiita kishikwambi na sisi hapa tunakiita tableti. Mwalimu wao, msichana mdogo anaitwa Gakii, alitueleza vizuri. Kinasoma kwa sauti, kinauliza swali, mtoto anagusa jibu, akipata kinapiga makofi. Na karibuni, alisema, kutakuja kingine chenye akili, kinajua kila mtoto amekwama wapi, kinamfundisha peke yake kwa mwendo wake, hata akitaka kurudia usiku na mchana hakichoki. Nilisikiliza. Sikuona ubaya wowote. Sisi tungekipenda.

Akauliza kama wazee tuna swali. Nikauliza, kikisha kuuliza, mtoto anamtazama nani?

Wazazi wakacheka, si kwa ubaya. Gakii akasema, "Anatazama kioo, mzee wetu."

Lakini mimi nilikuwa nimekaa nyuma, mahali pa inspekta, na nilimwona Mwendwa. Aligusa jibu, kile kitu kikampigia makofi, na yeye hakukitazama. Aliinua kichwa kumtafuta Gakii kama ameona. Gakii alikuwa ameinama anapanga nyaya za kuchajia. Mwendwa akangoja kidogo. Halafu akagusa swali lingine.

Hapo ndipo nilipoelewa, na umri huu wangu wote, kwamba siku ile inspekta alisema alichokiona. Hakuna uongo aliosema. Kazi yote ya Njeru ilikuwa kutufanya tuonekane hatumhitaji, na aliifanya vizuri kupita alivyopaswa. Angetuacha tujibu vibaya kidogo, huyu ajibu yule anyamaze, inspekta angemwona. Nimelifikiria hili nikichuma kahawa, nimelifikiria nikiwa kanisani na ile harufu ya ugoro. Halinifanyi kitu. Nalifikiria tu, kama mtu anavyopitisha ulimi mahali palipong'oka jino.

Shule yenyewe niliiacha mwaka uliofuata. Si kwa ajili ya hayo, kahawa ilitaka mikono. Karambu ndiye aliyekuwa akifungua redio, na alikuwa akiifungua vizuri.

Mnataka kujua habari ya Njeru. Ilikuwa hivi. Inspekta na hedimasta walitoka nje, tukasikia gari linawashwa. Somo lilikuwa halijaisha. Redio ilikuwa na habari za baba fulani wa pwani na familia yake, na kazi za kila mmoja. Njeru alikuwa bado amesimama nyuma ya meza, kidevu kikipanda na kushuka kama kawaida. Halafu kikabaki chini. Alinyoosha kile kitambaa cha mama pembe moja iliyokuwa imejikunja. Akapita katikati yetu bila haraka, akiangalia asitukanyage vidole, akafika mlangoni.

Redio ikauliza, baba anakwenda wapi. Ikanyamaza.

Tuliangalia meza, hakuna mtu. Tukageuka, tukamwona mgongo wake kwenye ile nafasi ya mlango, anashuka. Karambu akaanza, nasi tukamfuata, sote kwa sauti moja, bila mtu kutuita: anakwenda sokoni.

Nina hakika alitusikia, alikuwa hajafika hata kwenye ua. Hakugeuka. Hakushika njia ya kwetu, ambako mama alikuwa amemwekea chakula na ambako sanduku lake lilikaa mpaka mchwa wakalimaliza. Alishika ile ya juu, ya kuelekea barabara kubwa na malori ya Embu, mikono mitupu, akitembea kama mtu anayetoka kujinyoosha kidogo. Akapita kati ya miti ya kahawa. Hakurudi.